Mali Kauli na Chupa ya Sampuli

Kati ya ndege zinazotua kwenye viwanja vya udongo vya mashariki ya Kongo imo Cessna 208, ya injini moja, ambayo walioiunda huko Wichita waliipa jina la Caravan, yaani msafara. Sidhani kama kuna aliyekuwa akiifikiria Kabambare siku hiyo, lakini jina limefika nyumbani. Kabambare ilikuwa kituo cha njia ya misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe. Msafiri Livingstone, aliyeiandika Bambarre, alikwama hapo miezi mingi kati ya 1869 na 1871. Wakati ule safari iliponea kwa posho na vitambaa vya merikani. Leo anayekodi ndege kwenda Kasongo, awe mfanyabiashara, daktari au mhandisi wa dhahabu, safari yake inaponea kwa pipa la mafuta na kwa mtu aliyeliuza.

Nina maandishi mawili mezani. La kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili mwishoni mwa umri wake. La pili ni ripoti ya wachunguzi wa Hong Kong ya 2013 juu ya ndege ya Cathay Pacific iliyojazwa mafuta machafu Surabaya. Maandishi haya hayafanani kwa lolote, ila yote mawili yanashughulikia swali moja: utamwamini vipi mtu anayekupa kitu ambacho safari nzima itakitegemea?

Tippu Tip anajibu kwa majina ya watu. Fulani alinikopesha, fulani alinidai, fulani alinisimamia. Tajiri mkubwa katika habari zake ni Taria Topan, Mhindi wa Zanzibar, aliyemkabidhi bidhaa nyingi na kumwacha aende nazo bara asikokuwa na macho wala mkono wa kumfikia. Safari aliyoianza yapata 1870 ilimrudisha pwani 1882. Watu wa pwani walikuwa na neno la mtindo huo wa biashara: mali kauli. Unachukua mali kwa neno lako, na neno ndiyo rehani. Mkopeshaji hakukagua mzigo uliokuwa porini. Alimkagua mtu, ukoo wake, madeni yake ya zamani na namna alivyoyalipa.

Mapokeo haya nayaheshimu, na sitaki yadharauliwe kwa kuwa hayakuwa na mihuri. Ila kitabu hichohicho kinaonyesha yanapovuja. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyoingia Utetera akidai nasaba ya huko kupitia kwa bibi yake, hata mtawala Kasongo Rushie akampokea kama jamaa na kumwachia utawala. Jina, lililokuwa dhamana kuu ya misafara, liliweza kutungwa njiani na mtu hodari wa maneno.

Ripoti ya Hong Kong haina shujaa. Tarehe 13 Aprili 2010 Airbus A330 iliondoka Surabaya na watu 322. Ilipokaribia kutua injini zake zikaacha kutii, moja ikikwama kwenye nguvu ndogo na nyingine kwenye nguvu kubwa, na marubani wakaitua kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Wote walipona. Chanzo kilikuwa maji ya chumvi yaliyoingia kwenye mabomba ya mafuta ya uwanja wakati wa ujenzi. Yaliharibu vichujio, na vichujio vikaachia chembe ndogo za polima zilizopenya hadi kwenye injini. Tapeli hakuwamo. Muuzaji alikuwa na jina kubwa, na karatasi zake zilikuwepo. Ndiyo maana mapokeo ya usafiri wa anga yanakataa kumwamini mtu, hata mwema, na kuiamini sampuli iliyotolewa sasa hivi, mbele yako, katika chupa ya kioo. Mafuta ya Jet A-1 yawe maangavu, bila ukungu wala takataka, na kidonge cha kupimia maji kisibadilike rangi.

Hadi hapo mtu angesema andishi la pili limelishinda la kwanza. Kwa Surabaya nakubali. Kwa Kasongo, hapana. Mafuta ya sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo hushushwa melini Mombasa au Dar es Salaam, yakapanda malori, mengine yakavuka ziwa. Hati ya ubora huandikwa mwanzo wa safari hiyo. Kinachofika mwisho ni pipa la lita 200, lililobebwa na watu, likalala mahali, likalindwa na mtu. Pipa lililosimamishwa wima hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko, na usiku linapopoa hunyonya hewa pamoja na maji hayo. Mlinzi anayejua kazi hulilaza ubavu, vizibo viwili vikae usawa mmoja, chini ya usawa wa mafuta. Hakuna hati inayokueleza kama alifanya hivyo wiki tatu zilizopita. Hapo unarudi kwa Taria Topan: umjue mtu.

Kuna pia suala la kipimo, ambalo Waswahili walilimaliza zamani kwa maneno mawili. Kibaba cha tele ni kile kilichojaa na kufanya kilele, na kibaba cha mfuto ni kile kilichopanguswa juu kwa mkono. Mkipatana bei bila kusema ni kipi, mmeshagombana. Mafuta ya ndege yana ugomvi uleule. Muuzaji huuza lita, lakini injini hula uzito, na lita 1,000 zilizopimwa kwenye nyuzi 15 huvimba kwa lita kati ya 15 na 20 zinapofika nyuzi 35, bila kuongezeka gramu. Boeing 767 ya Air Canada ilizimika angani tarehe 23 Julai 1983 kwa sababu ilihitaji kilo 22,300 ikaruka na ratili 22,300. Rubani aliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi, na Sura ya Mutaffifina, ya 83, inayowaonya wapunjaji wa vipimo, inasomwa huko na watoto wa madrasa. Muuzaji anayepima mbele ya mnunuzi pale hahitaji kuelezwa na kitabu cha kanuni za anga kwa nini.

Hata jina la kitu ni la kuchunga. Mombasa petroli ni mafuta ya gari. Kongo, kwa kufuata Kifaransa, gari hunywa esansi na petroli ni mafuta ya taa, ndugu wa karibu wa Jet A-1. Ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni hunywa Avgas, yenye rangi ya buluu, na ukizijazia Jet A-1 injini hufa baada ya kuruka. Kwa hiyo agizo la simu lisemwe kwa jina kamili na aina ya ndege, na lirudiwe na anayelipokea. Asiyerudia, tafuta mwingine.

Faida ya pipa la kuaminika ni kubwa kuliko bei yake. Kutoka Goma hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari wa angani. Caravan isiyo na hakika ya mafuta Kasongo hubeba ya kurudi pia, takriban kilo 200, na kila kilo hutoka kwenye mzigo. Hao ni abiria wawili au watatu walioachwa, au dawa. Misafara ilijua hesabu hii: kikosi kisicho na hakika ya chakula Kabambare kilibeba posho badala ya pembe. Kwa hiyo muuzaji ninayemthamini kuliko wote ni yule anayesema “hakuna” mapema, kabla ndege haijaondoka Goma.

Lakini mapokeo yote mawili yana aibu moja, nami sitaki kuipita. Daftari la mali kauli lilikuwa na safu ya mdai na safu ya mdaiwa. Halikuwa na safu ya watu wa Manyema, eneo la Kasongo na Nyangwe, waliotekwa, waliobebeshwa pembe, wala ya waliouawa sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akitazama. Neno lilitimizwa kati ya mabwana wawili, na gharama wakalipa wasiokuwa na neno. Mkataba wa mafuta nao una pande mbili, mwenye ndege na muuzaji. Abiria, na wagonjwa wanaoingojea ndege upande wa pili, hawamo.

Kwenye uwanja mdogo abiria husimama hatua chache tu kutoka kwenye pipa, mizigo yao miguuni. Chupa ya kwanza iinuliwe mbele yao, juani, kabla pampu haijafika tangini. Haihitaji shule. Maji yakiwemo hukaa chini, yakimeremeta, na hata mtoto aliyebebwa mgongoni huyaona.