Baiskeli ya Katikati: Historia kwa Anayetaka Kwenda Mbali

Kwetu Kongo wengine huiita kinga, wengine velo. Wanyarwanda wanasema igare. Hapa Nakivale, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwaka 1958, tunaelewana kwa neno moja: baiskeli. Mimi ni fundi wake huku Base Camp. Vijana wa kikundi chetu cha michezo wamechanga pesa, wanataka baiskeli za mbio, za mazoezi na za safari ndefu mpaka Mbarara na kurudi. Wanauliza: tununue ile mpya ya bei rahisi inayong'aa, au ile ya daraja la katikati iliyotumika? Pesa hiyo ni ya jasho, ikipotea hairudi. Basi nimeona niwajibu kwa historia, maana kila kipande cha baiskeli kilizaliwa kwa sababu.

Tuanze na fremu. Zamani Ulaya kulikuwa na baiskeli yenye gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo ukizungusha mguu mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja tu. Anayetaka mwendo alihitaji gurudumu kubwa kadiri miguu yake inavyofika, na akianguka, alianguka kichwa chini. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa Rover: magurudumu karibu sawa, cheni inapeleka nguvu nyuma. Meno mengi mbele, machache nyuma, na mwendo unapatikana bila gurudumu la kutisha. Tangu hapo kinachopimwa kwa mwili wa mtu ni fremu. Ndiyo maana saizi huja kwanza kabla ya rangi na jina. Simama juu ya fremu: bomba la juu lisikuguse. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini: mguu unyooke. Shika usukani: viwiko vikunjike kidogo. Siti inapandishwa na kushushwa, lakini fremu hairefushwi. Fremu isiyokufaa itakuumiza mgongo na magoti kila kilomita, hata kama umepewa bure.

Halafu tairi. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, kule Belfast, alisajili tairi la upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, iliyokuwa ikimrusharusha kwenye barabara mbovu. Yaani tairi la upepo lilitokana na barabara kama zetu! Miaka mingi wanamashindano waliamini tairi jembamba la milimita 23 ndilo la kasi. Siku hizi hata mabingwa wanatumia 28 na zaidi, kwa sababu tairi pana kidogo linameza mashimo badala ya kumpiga mtu. Kwa huku kwetu, tafuta fremu yenye nafasi ya kuingiza tairi la 30 au 32.

Sasa gia. Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, ilikuwa kilomita 2,428 kwa hatua 6 tu, na Maurice Garin akashinda. Mwandaaji wake, Henri Desgrange, hakutaka kifaa cha kuhamisha cheni. Kilikubaliwa mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu akifika mlimani alishuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana upande mmoja ulikuwa na meno ya mlima na mwingine ya tambarare. Anayejua vilima vya Isingiro hatacheka. Tafuta meno 34 mbele kwenye duara dogo, na nyuma kubwa liwe 32 au 34. Hapo pedali na gurudumu vinazunguka karibu sawasawa, na unapanda ukiwa umekaa, unapumua.

Na hii "katikati" inatoka wapi? Kampuni ya Shimano ilianza mwaka 1921 mjini Sakai, Japani. Mwaka 1990 ilileta kwenye vifaa vyake vya juu, Dura-Ace, mkono mmoja wa breki na gia pamoja. Baada ya miaka michache ufundi huohuo ukashuka mpaka 105, kundi la katikati ambalo jina lake lipo tangu 1982. Ndivyo inavyokwenda siku zote: baiskeli ya katikati ya leo ni ya bingwa wa jana. Ile mpya ya bei rahisi inaiga umbo tu. Vyuma vyake hupinda, na gia haikai mahali pake.

Uzito usikusumbue. Tangu mwaka 2000 sheria ya mashindano ya kimataifa inakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Ya katikati, ya alumini, huwa kama kilo 9. Tofauti hiyo ni sawa na lita mbili hivi za maji, na kuiondoa kunagharimu pesa nyingi kuliko baiskeli yenyewe.

Ukikuta iliyotumika, kagua nyufa kwenye viungo vya fremu na kwenye uma wa mbele. Pima cheni: kutoka pini ya kwanza mpaka ya 25 ni sentimita 30.5, ikifika 30.7, imechoka. Chukua breki za waya, usichukue za mafuta, kwa sababu waya unapatikana dukani na fundi yeyote anaufunga.

Wapo watakaosema mbio si mambo ya mkimbizi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Masomah Ali Zada wa Afghanistan na Ahmad Badreddin Wais wa Syria waliendesha katika timu ya wakimbizi. Paris 2024 wakaja Eyeru Gebru wa Ethiopia na Amir Ansari wa Afghanistan. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, tena Kigali, jirani yetu kabisa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi. Mkitaka kuleta baiskeli, leteni chache za katikati pamoja na cheni, tyubu, waya na spoku za akiba, kuliko nyingi zitakazolala chini ya mti baada ya miezi mitatu. Na kabla ya kuagiza, njooni mpime urefu wa vijana. Kipimo hicho hakina gharama, na ndicho kinachoamua kama baiskeli itaendeshwa.