Kungwi na Waitikiaji: Somo la Harusi Kutoka Kisarawe na Kibaha



Msimu wa harusi ukifika, kamati huundwa upesi: mwenyekiti, mweka hazina, msimamizi wa sare, msimamizi wa chakula. Wote wanajitolea. Mwenyekiti akiamua peke yake, mashangazi hununa. Kila mtu akiachiwa aamue lake, siku inafika sare ni za rangi tatu na hakuna ajuaye nani aanze kuimba. Bi harusi analia chumbani, na wageni wanadhani analilia kwao.

Bibi zetu walilijua jambo hili. Leo tuvuke bahari twende Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, katika nchi ya Wazaramo.

Zamani, msichana wa Kizaramo akivunja ungo aliwekwa ndani. Huyo ndiye mwali. Alikaa miezi mingi, akipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akilee kama mtoto. Mwalimu wake alikuwa kungwi, ambaye sisi visiwani twamwita pia somo. Neno la kungwi lilikuwa zito. Yeye ndiye aliyejua lipi lifunzwe na lini. Sehemu ya mafunzo ilifanyika chini ya mti wa mkole, na asiyechezwa hakuingia.

Lakini kungwi hakuweza kuicheza ngoma peke yake. Ngoma zetu huenda kwa kuanzisha na kuitikia: mmoja hutoa wimbo, wengine hujibu. Hapo ndipo penye mizani. Anayeanzisha huchagua wimbo, ila wimbo usioitikiwa hufa palepale. Na mwanamke mwenye wimbo wake, wa kumpiga fumbo jirani au wa kumliwaza mama wa mwali, naye hupata zamu. Mafunzo yalilindwa na mkubwa mmoja, furaha ikatungwa na wote.

Mwendo huohuo ulikuwemo katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, mji uliomo katika nchi hiyohiyo ya Wazaramo. Wanawake walichanga, wakashona sare, wakasaidiana kwenye harusi na misiba. Miaka ya 1950 kikundi kimoja kiliitwa Bomba, na mwimbaji wake kiongozi alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakazungumza na wenzao. Kwa miezi michache walijiunga wanawake wapatao 5,000. Naamini waliitika upesi kwa sababu mwito ulitoka kwa watu waliozoea kuimba nao, si kwa mgeni wa kuwaamrisha.

Dini yetu nayo inatufunza hivyo. Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru masahaba wachinje na wanyoe, wakasita kwa huzuni. Mkewe Umm Salama (r.a.) akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe yeye kwanza. Akafanya hivyo, nao wakafuata. Kusikiliza ushauri wa mkewe hakukumpunguzia heshima hata chembe.

Si kila la unyago wa zamani linatufaa leo, na kila familia inajua mipaka yake. Lakini mizani ile tuishike. Dada unayeolewa, mpe mtu mmoja mwenye busara neno la mwisho kuhusu fedha, muda na stara. Nyimbo, mapambo na mzaha waachie wifi, shangazi na mashoga zako, kila mmoja na zamu yake. Nawe mwenyekiti, kabla ya kusema "tumeamua", nyamaza kidogo usikilize kama kuna wanaoitikia.

Allah azibariki ndoa zetu. Amin.