Wafanyakazi wa Reli wa Thika na Ruiru: Kazi, Nyumba na Uwanja

Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilifunguliwa mwaka 1913, miaka 14 baada ya reli kuu ya Mombasa kufika Nairobi. Katika makaratasi ya serikali ya kikoloni iliandikwa kuwa njia ya tramu, ingawa ilikuwa reli kamili yenye upana wa mita moja kama ile kuu. Ilijengwa kwa ajili ya masetla waliolima kahawa na mkonge Ruiru, Juja na Thika, ambao hadi wakati huo walitegemea mikokoteni ya ng'ombe. Thika ilibaki kuwa mwisho wa njia mpaka miaka ya 1920, reli ilipoendelezwa kupitia Maragua, Sagana na Karatina, ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Pamoja na mizigo, reli ilizaa tabaka jipya la watu: wafanyakazi wa mshahara, walioamka kwa saa ya kazi wala si kwa majira ya shamba. Kazi zao zilikuwa na ngazi, na chini ya ukoloni ngazi hizo zilifuata rangi. Wazungu walikuwa maofisa. Wahindi na Wagoa walikuwa stesheni masta, makarani na mafundi. Waafrika walianzia chini, wakiwa wapagazi, watia makaa na watu wa gangi.

Gangi ndiyo iliyoishika njia. Kila gangi ilipewa kipande chake cha reli na kuongozwa na nyapara. Kazi yao ilikuwa kukagua njia kwa miguu, kukaza vifungo vilivyolegea, kubadilisha mataruma yaliyochakaa na kushindilia kokoto. Treni zilipita zote katika njia moja, kwenda na kurudi, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuondoka stesheni bila kibali cha stesheni masta. Uzembe wa mtu mmoja ungeweza kuua wengi. Ndiyo maana reli ilisisitiza nidhamu, na wengi walistaafu nayo wakaipeleka mpaka nyumbani kwao.

Shirika la reli liliwapa wafanyakazi mahali pa kulala pia. Nairobi walikaa katika landhi (makazi ya wafanyakazi) za Muthurwa, na baadaye Makongeni. Katika stesheni ndogo nyumba zilijengwa kando ya njia. Katika miongo ya mwanzo chumba cha Mwafrika kilikusudiwa mwanamume aliye peke yake, hivyo mke na watoto wengi walibaki kijijini, na baba akawatembelea wakati wa likizo kwa pasi ya kusafiri bure. Hapa ndipo Thika na Ruiru zilipokuwa na nafuu. Mtu wa Gatundu au Murang'a aliyeajiriwa huko hakuwa mbali na shamba lake, na familia iliweza kuishi kwa mshahara na kwa jembe kwa pamoja.

Nafuu hiyo ilikatizwa na hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mienendo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ilibanwa kwa vibali, na katika msako mkubwa wa Aprili 1954 makumi ya maelfu walikamatwa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Nafasi nyingi za kazi mjini zilichukuliwa na watu kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani. Hata hivyo, harakati za kudai haki za wafanyakazi hazikufa: Novemba 1959 wafanyakazi wa reli waligoma wakidai maslahi bora. Baada ya uhuru wa 1963 Waafrika walianza kushika nafasi za stesheni masta, dereva na ofisa, na nyumba za reli zikajaa wake na watoto.

Michezo ilikuwa sehemu ya maisha hayo tangu mapema. Waajiri wakubwa wa kikoloni waliiona kama njia ya kuwatuliza wafanyakazi na kuwaweka mbali na pombe na siasa. Wafanyakazi nao waliifanya kuwa yao. Nairobi reli ilikuwa na klabu yake na uwanja wake wa gofu. Miongoni mwa Masingasinga na Wagoa, ambao wengi wao waliajiriwa na reli, hoki ilishamiri. Huko ndiko kulikokuwa mizizi ya kikosi cha Kenya kilichoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971. Kwa Waafrika mpira wa miguu ndio uliotawala. Mtu aliyeshindilia kokoto wiki nzima alicheza Jumamosi, na mechi ilimpa heshima ambayo ngazi za kazini zilimnyima.

Aliyezeeka na kuacha kucheza alibaki mshabiki. Redio ilimletea mechi za klabu za Gor Mahia na Abaluhya kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyetangaza mpira kwa Kiswahili hadi msikilizaji wa Ruiru akahisi yuko uwanjani. Mwaka 1987 uwanja wa Kasarani, kando ya barabara ya Thika, uliandaa Michezo ya Afrika Nzima. Baadaye Thika ilipata timu yake, Thika United, iliyotokana na timu ya kampuni ya maziwa ya Brookside na kucheza Ligi Kuu kwa miaka kadhaa.

Katika miongo hiyo reli yenyewe ilikuwa inafifia. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Malori yaliichukua mizigo, na treni za abiria za njia ya Nanyuki zikapungua hadi zikakoma. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na maelfu wakapoteza kazi. Mwaka huo huo uliundwa mfuko wa kuwalipa wastaafu, ukapewa mali ya shirika, zikiwemo landhi za Muthurwa na Makongeni. Hivyo pensheni ya mzee wa reli ikategemea kuuzwa au kukodishwa kwa nyumba zile zile alimolelea watoto wake. Mgogoro wa wapangaji wa Muthurwa waliotakiwa kuhama ulifika Mahakama Kuu, iliyoamua mwaka 2013 kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imekiukwa.

Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejea Desemba 2020, ikipitia Ruiru na Thika. Njia ni ile ile, ila mpango wa zamani uliomfunga mtu mmoja na kazi, nyumba, uwanja na pensheni chini ya mwajiri mmoja haukurudi nayo.