Namba ya Euler na Saa za Dodoma

Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, itakapotimu saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa majira ya Dodoma, kila kompyuta itakayokuwa ingali ikihesabu wakati kwa desturi ya kale, iwe katika afisi za serikali au katika Chuo Kikuu kilichoasisiwa huko mwaka 2007, itafika ukingoni mwa hesabu yake. Na ukingo huo ni 2,147,483,647, namba yenye tarikhi ndefu kuliko ya kompyuta zenyewe.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, kasoro 1, nayo ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa nafsi yake, mithili ya ng'ombe 13 ambao mzee wa Kigogo hawezi kuwarithisha wanawe kwa mafungu sawa, isipokuwa ana mwana mmoja au wana 13.

Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja kuwa tasa mwaka 1644 pasipo burhani. Burhani ililetwa mwaka 1772 na Leonhard Euler, huko Saint Petersburg, ilhali nuru ya macho imekwisha kumtoka. Yeye hakujaribu kila kigawo, bali alitambua kwamba kigawo tasa, lau kingalikuwapo, kingebakiza 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Na kwa kuwa haikuhitajika kuvuka 46,340, kazi ya umri mzima ikawa ya siku chache.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hapana atakayejisumbua kuvuka hapo, maana namba za jinsi hiyo ni za ajabu tu, hazina manufaa. Utabiri huo ulibatilika: mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha tasa yenye tarakimu 39, na Oktoba 2024 ikatangazwa nyingine yenye tarakimu 41,024,320.

Ama manufaa, yalipitia mlango mwingine. Mafundi waliipa hesabu ya sekunde, zianziazo saa 9 usiku wa kwetu, tarehe 1 Januari 1970, nafasi ya biti 32, moja ya alama na 31 za kiasi, na kikomo kikaangukia namba ya Euler. Sekunde moja zaidi, na saa hizo zitadai kuwa ni Desemba 1901, zama za Wadachi, reli haijafika Dodoma.

Hata hivyo, insafu yataka tuseme kwamba utasa hauna hatia katika jambo hili. Dawa yake ni biti 64, ambazo kikomo chake, 2 kwa kipeo cha 63 kasoro 1, hugawanyika kwa 7 bila ya baki, nacho kitatosha kwa miaka ipatayo bilioni 292.