Paka wa Ghalani: Umri wa Kumtoa Mtoto wa Paka kwa Mama Yake katika Bonde la Ufa

Mtoto wa paka huwa tayari kuachana na mama yake akiwa na umri wa kati ya wiki 8 na wiki 12. Ndilo jibu analopewa leo anayemuuliza daktari wa mifugo, awe Nakuru au kwingineko. Katika Bonde la Ufa la kati, hata hivyo, swali hili lilizaliwa ghalani. Watu walitaka paka kwa sababu ya panya, na paka aliyechukuliwa mapema mno mara nyingi hakuwaweza panya.

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa nchi ya mifugo. Uchimbuzi alioufanya Mary Leakey mwaka 1937 huko Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, ulifukua makazi ya wafugaji wa zama mbalimbali, na Wamaasai waliotamalaki baadaye waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wenye nafaka ya kuweka akiba walikuwa wachache. Waliojulikana zaidi ni Wailchamus wa kusini mwa Ziwa Baringo, ambao katika karne ya 19 walimwagilia mashamba yao na kuiuzia chakula misafara ya kutoka pwani. Pasipo na ghala panya hawajazani, na paka hana kazi. Aliyekuwapo porini ni kimburu, paka-mwitu wa rangi ya vumbi mwenye milia hafifu miguuni, na bado yupo.

Paka wa nyumbani ni ndugu yake wa karibu. Wahenga wake walikuwa vimburu wa Mashariki ya Kati, waliosogelea maghala ya wakulima wa kwanza miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Kisiwani Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu amelazwa karibu na paka wa miezi 8, yaani paka aliyekwisha kumwacha mama yake. Yaliyochukua karne nyingi huko yalitokea Nakuru katika muda wa kizazi kimoja.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Walowezi wakageuza malisho kuwa mashamba ya ngano na mahindi. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga, na chama cha wakulima, KFA, kilichoundwa mwaka 1923, kikaweka makao yake makuu Nakuru. Magunia yalirundikwa stesheni, katika maghala ya mabati na katika stoo za posho, ule unga wa mahindi waliopimiwa wafanyakazi wa mashambani. Wakulima wa Kikuyu waliokuja kufanya kazi na kulima vipande vyao katika ardhi ya walowezi walijenga ikumbi, ghala la kusukwa kwa fito, lililoinuliwa juu ya ardhi na kuezekwa nyasi. Kuliinua kulizuia unyevu zaidi ya panya, ambaye hupanda nguzo bila taabu. Hasara ya chakula haikuwa hofu pekee. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto, na tangu hapo panya alitazamwa kama mleta mauti.

Hapo ndipo umri wa mtoto wa paka ulipokuwa jambo la maana. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na huzaa watoto vipofu na viziwi. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na meno ya kwanza hutokeza katika wiki ya 3. Wiki ya 4 mtoto huanza kulamba ugali uliolowekwa maziwa, ijapokuwa bado ananyonya. Karibu na wakati huohuo mama huanza kazi ambayo binadamu hawezi kumfanyia. Kwanza huleta panya aliyekufa na kumla mbele ya watoto, kisha huwaachia. Baada ya siku kadhaa huleta panya aliye hai, humwachilia katikati yao na kukaa kando, na panya akikaribia kutoroka humrudisha kwa kofi moja. Kufikia wiki ya 7 au ya 8 baadhi ya watoto huweza kuua wenyewe.

Mwanasaikolojia wa China, Zing-Yang Kuo, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1930. Kati ya watoto 21 waliolelewa na mama waliowaua panya mbele yao, 18 waligeuka wawindaji. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, waliowinda ni 9 tu. Kwa mwenye ghala hesabu hiyo ina uzito mkubwa. Mtoto anayechukuliwa akiwa na wiki 5, kwa sababu tu ameshaweza kula, amenyang'anywa masomo aliyokuwa ameyaanza.

Hata hivyo wengi waliwachukua mapema, na sababu zao zinaeleweka. Mtoto mdogo huzoea nyumba mpya upesi, ilhali mkubwa hutafuta njia ya kurudi alikozaliwa. Ndiyo maana paka husafirishwa ndani ya gunia au kikapu kilichofunikwa, asiione njia. Mahitaji nayo yalikuwa makubwa. Mvua nyingi za 1961, zilizokuja baada ya ukame, zilifuatwa mwaka 1962 na mfumuko wa panya katika maeneo ya kilimo ya Kenya. Miaka hiyohiyo mashamba ya walowezi yalianza kugawanywa, na palipokuwa na ghala moja la tajiri pakawa na maghala mengi ya jamaa wadogo, kila moja likihitaji paka wake. Watoto wa zao moja walitawanyika kwa majirani.

Sumu ya panya iliyoenea baadaye ilimpunguzia paka kazi na kumletea hatari, kwani paka anayekula panya aliyelishwa sumu anaweza kufa naye. Nakuru yenyewe ikapanuka hadi kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021, na paka wengi wa mjini sasa hufugwa kama wenza. Kipimo nacho kimebadilika: kinachoangaliwa zaidi ni tabia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu paka karibu 6,000, ulionyesha kwamba waliotengwa na mama kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi, na waliokaa naye zaidi ya wiki 14 walikuwa watulivu zaidi. Mtoto hahitaji kutengwa na watu muda huo wote. Akishikwa kwa upole kila siku kati ya wiki ya 2 na ya 7, huwazoea binadamu akiwa bado kwa mama yake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa kawaida hutolewa mtoto anapofikisha miezi 3. Mfugaji anayengoja hadi wiki ya 12 humkabidhi jirani paka aliyekwisha kuachishwa kunyonya, anayejua kuwinda na aliye tayari kuchanjwa. Mama naye anafaa kufungwa kizazi mara watoto wanapoacha kunyonya, kwa kuwa huweza kushika mimba nyingine hata kabla hawajaondoka.