Mabweni ya Mlimani: Kutoka Sahani ya Serikali Hadi Kubebana

Godoro la futi mbili na nusu kwa sita halikushonwa kwa ajili ya watu wawili. Hata hivyo, vizazi vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimelalia magodoro ya namna hiyo wawili wawili, mzungu wa nne, miguu ya mmoja usoni kwa mwenzake, na asubuhi wakaamkia darasani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenyewe wanaita kubebana: aliyepangiwa kitanda anambeba aliyekosa. Kanuni zinakataza. Majirani wa chumba wanajua nani kambeba nani, na hakuna anayesema.

Waanzilishi wa chuo wangeshangaa. Oktoba 25, 1961, masomo yalipoanza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa 13 tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, kilometa 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na umbali huo ndio uliozaa maisha ya mabweni kama yanavyosimuliwa mpaka leo. Jioni hapakuwa na pa kukimbilia. Mtu alikula, akasoma, akagombana na akapatana na watu walewale. Serikali ndiyo iliyobeba gharama za masomo, chakula na malazi ya Watanzania waliopata nafasi, kwa sharti la kwenda kuitumikia baadaye.

Ulikuwa udugu, ndiyo, lakini udugu wa wateule. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana mjini wakiwa wamevaa majoho, wakipinga mpango mpya wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima. Kuna waliobeba bango la kudai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa na nafuu. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawaka. Aliwafukuza karibu 400, wa chuo hicho na wa taasisi nyingine, wakarudishwa kwao vijijini. Siku hiyohiyo alitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa mwaka uliofuata, na Mlima waliourudia ulikuwa unabadilika.

Mwaka 1967 wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliunda USARF (University Students' African Revolutionary Front), umoja ulioongozwa na kijana wa Kiganda, Yoweri Museveni. Ulikuwa na Watanzania, Wakenya, Wamalawi na wengine, na Jumapili waliandaa madarasa ya itikadi, ambako mwanahistoria wa Guyana Walter Rodney alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Mabishano yaliyoanza huko hayakuishia huko. Yalipelekwa kafeteria, yakapandishwa ngazi, yakamaliziwa kitandani taa ikiwa imezimwa. Jarida lao, Cheche, lilipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe.

Mwaka 1971 mshikamano huo ulipimwa. Rais wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo. Julai polisi wa kutuliza ghasia waliingia chuoni na silaha, wakamchukua, naye akarudishwa Kenya. Wenzake, wengi wao Watanzania, waligoma kwa ajili ya mgeni. Pengine hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi kile ambacho maisha ya kula pamoja yalikuwa yamejenga.

Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likabadilisha hata umri wa majirani. Kuanzia hapo, aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza apite JKT, afanye kazi, apate sifa njema kwa mwajiri na kwa chama, ndipo aombe chuo. Vyumba vikapokea watu waliozoea mshahara, baadhi wakiwa na wake na watoto nyumbani. Mwanafunzi wa namna hiyo hatishwi kirahisi. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa.

Si kila kilichofanywa kwa jina la umoja kilikuwa cha kujivunia. Kwa miaka mingi mabweni yalikuwa na Mzee Punch, mwandishi asiyejulikana aliyebandika ukutani maandishi na michoro ya kejeli. Mwanzoni aliwacheka wakubwa. Baadaye shabaha kubwa ikawa wanafunzi wa kike, na aliyeandikwa alitengwa: hasalimiwi, hakai na mtu mezani. Februari 1990 msichana mmoja aliyesakamwa hivyo alijiua. Nguvu ileile iliyowalinda wanafunzi dhidi ya polisi iliwaficha pia watesaji, maana kundi zima lilinyamaza.

Mei mwaka huohuo serikali ilikifunga chuo kutokana na mgomo, kikafunguliwa tena Januari 1991. Sera ya kuchangia gharama ilifuata, na sahani ya serikali ikaondoka. Udugu ukahamia chumbani. Ndoo ya maji ikachemshwa kwa hita, maharage yakapikwa kwa jiko la umeme lililofichwa chini ya kitanda mkaguzi akipita, desa moja, yaani nakala ya notisi, likazunguka vyumba vitano usiku wa kuamkia mtihani. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya wanafunzi, likichelewa, mwenye unga alikula na asiyekuwa nao, na deni halikuandikwa popote.

Idadi ya wanafunzi ilipanda kwa kasi, vitanda vikaachwa nyuma. Hosteli ya Mabibo ya miaka ya 2000 ilisaidia, ingawa iliwageuza wakazi wake kuwa abiria wa kila asubuhi. Aprili 2017 Rais John Magufuli, aliyesoma chuo hicho, alizindua majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Kabla ya mwaka kwisha picha za nyufa zilikuwa zimeenea mitandaoni, na Wakala wa Majengo ukajitetea kwamba ni maungio ya kawaida ya ujenzi.

Wanaokosa nafasi, na wapo pia wasiozitaka, hupanga geto, yaani chumba cha mtaani, Msewe, Changanyikeni au Makongo. Kodi wanachanga, kupika ni kwa zamu, na kesi za anayekwepa zamu yake husikilizwa hapohapo, bila mlezi wa bweni wala kanuni za chuo.