Ophraella

Ophraella ni jenasi ya mbawakawa wadogo wa familia ya Chrysomelidae, wenye asili ya Amerika. Hula majani ya mimea ya jamii ya alizeti, tena kwa kuchagua sana: spishi nyingi hutegemea jenasi moja tu ya mimea. Ndiyo maana mwanabiolojia Douglas Futuyma wa Marekani aliwatumia kuchunguza jinsi wadudu wanavyohamia mimea mipya katika mageuko yao.

Wapevu na mabuu hutafuna sehemu laini za jani, wakaacha mishipa mitupu kama wavu. Buu akikomaa hufuma kifuko chepesi juu ya mmea wenyewe, ilhali jamaa zake wengi hujichimbia udongoni.

Maarufu kuliko wote ni Ophraella communa, mwenye urefu wa milimita 4 hivi. Chakula chake ni Ambrosia artemisiifolia, gugu ambalo chavua yake husababisha mafua ya mzio. Alionekana Japani mwaka 1996, na mwaka 2013 akagunduliwa kaskazini mwa Italia na kusini mwa Uswisi. Ulaya hakualikwa, lakini chavua hiyo imepungua hewani karibu na Milano. China humzalisha na kumwachilia kwa makusudi. Australia, kwa kuhofia alizeti zake, ilikataa kumwingiza.